Tembea kwa ajili ya bitana ya mishipa yako

Nashona nguo Ngamiani, Tanga, mwaka wa 27 sasa, na karibu yote nimekaa kitini. Mwaka juzi presha yangu ilisoma 158 kwa 96. Nikapewa dawa, nikaambiwa nifanye mazoezi. Namna ya kuyafanya sikuelezwa, ndiyo maana nawaandikia wenzangu wa kazi za kukaa.

Mshipa wa damu una bitana kama koti, tabaka moja jembamba la seli. Ukitembea kwa kasi, damu huisugua bitana hiyo nayo hutoa gesi, nitriki oksaidi, inayolegeza misuli ya ukuta wa mshipa. Mshipa hutanuka, presha hushuka. Wamarekani watatu walipewa Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo. Adui yake ni chembe kali za oksijeni. Sigara, kisukari na presha yenyewe huzizidisha, nazo huimaliza gesi kabla haijafanya kazi.

Mazoezi nayo huzalisha chembe hizo. Lakini yakija kwa kiasi na mara kwa mara, mwili hujibu kwa kuongeza vimeng'enya vyake vya kuzizima. Kwa hiyo usikae wiki nzima ukajiua Jumamosi.

Anza na dakika 10 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kila wiki ongeza dakika 5 mpaka ufike 30. Hapo una dakika 150, kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa mwendo wa wastani. Mimi na jirani yangu hutoka baada ya swala ya alfajiri kuelekea Raskazone, kwenye upepo wa bahari. Kasi tunaipima kwa kasida: kuongea tuweze, kuimba tushindwe. Jirani akimaliza ubeti mzima bila kukata pumzi, najua tumelegea. Mwanzo na mwisho nenda polepole, usisimame ghafla.

Nilikosea kwenye vidonge. Nilinunua vitamini C na E, ambazo huzima chembe kali za oksijeni, nikidhani naisaidia bitana. Baadaye nikasoma utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2009: vijana waliomeza miligramu 1000 za C na yuniti 400 za E kila siku, kwa wiki nne za mazoezi, miili yao haikuongeza kinga yake dhidi ya chembe hizo, na insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, haikuwafanyia kazi vizuri zaidi. Wasiomeza walinufaika. Walichopima si mishipa, lakini kilinitosha. Nimerudi kwenye mchicha na machungwa ya Muheza.

Dawa usiache bila daktari. Presha ikifika 180 kwa 110, muone kwanza kabla ya kuanza, na kifua kikibana njiani, simama utafute msaada. Ukipima, kaa kimya dakika 5, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, saa ile ile kila siku, maana baada ya matembezi presha hubaki chini kwa saa kadhaa.

Hata hivyo matembezi ya asubuhi hayafuti saa nane za kiti. Magoti yakikunjwa muda mrefu, damu ya miguuni hupungua kasi na bitana hukosa msuguo wake. Pasi nimeihamishia mwisho wa chumba. Kila mshono ukiisha, lazima ninyanyuke niifuate.