Mvua ya Uru, maji ya nyumbani kwako: kuandaa kaya ya tambarare kabla ya masika

Naandika kutoka tambarare ya chini ya Moshi, upande wa mashamba ya mpunga, ambako ni mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji. Kazi hii haina mshahara. Ina buti za mpira na simu za saa nane usiku.

Kila Februari ikikaribia kuisha watu huniuliza, "Mwaka huu mvua itakuwaje?" Wanatazama juu ya bati lao. Lakini huku chini mvua inayokuhamisha si ile unayoisikia ukiwa kitandani. Msitu wa Kilimanjaro upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Sisi wa tambarare hatufikishi hata nusu yake. Maji yale yote njia yake ni huku, kwa mito ya Weruweru, Karanga, Rau na makorongo yasiyo na jina. Unaweza kuwa umeanika mpunga, jua linawaka, na mto ukaja umebeba magogo. Kwa hiyo maandalizi yangu yanaanzia mlimani, ndoo na madumu baadaye.

Hatua ya 1: Pata mtu wa juu

Tafuta ndugu, shemeji au mtu mliyesali naye, anayeishi juu kwenye mto uleule unaopita kwako. Mto uleule, tafadhali. Mvua ya Kibosho haikuhusu kama wewe maji yako ni ya Rau. Mimi nina shangazi Uru, kwenye mteremko wa mlima juu ya Moshi. Nilimpelekea kopo la maziwa la bati, lililonyooka toka chini hadi juu, na rula ya shule. Chupa ya plastiki yenye kiuno usitumie, itakudanganya. Kopo linakaa wazi, mbali na migomba na michirizi ya paa. Saa tatu asubuhi anapima, anamwaga, ananitumia ujumbe wa namba tupu: "12". "0". "31".

Mwanzoni aliniona nimechanganyikiwa. "Mwanangu, umenifanya karani wa mvua?" Siku hizi nikichelewa kujibu ananipigia yeye.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa hiyo maji kwenye kopo yakifika upana wa kidole kimoja hivi, usiogope. Likikaribia sentimita 5, tena mvua ikiwa bado inaendelea, shangazi hasubiri saa tatu, anapiga. TMA nao hutoa taarifa za ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Zisikilize redioni, ila kumbuka zinataja mkoa mzima. Kopo la shangazi linataja mto wako.

Hatua ya 2: Chomeka nguzo, weka alama mbili

Mahali unapoweza kuuona mto au korongo bila kulisogelea, simika nguzo imara. Paka rangi mbili. Njano iwe pale ambapo maji yakifika bado njia yako ya kutokea ni kavu. Nyekundu iwe juu ya njano, ila chini ya kiwango ambacho njia hiyo inaanza kulowa. Narudia, chini ya kiwango hicho. Watu wengi huweka nyekundu mlangoni kwao, wakati drifti ya kuvukia imeshazama zamani na hakuna pa kupita.

Ili ujue viwango hivyo, mtafute mzee aliyekaa hapo muda mrefu, mtembee naye. Usimuulize "mafuriko yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa mkono, kule, halafu mtaishia kunywa chai. Muulize kitu kinachogusika: maji yaligusa mti gani, yalipanda ngazi ngapi za kanisa, ng'ombe walipelekwa wapi. Kwetu babu mmoja alinipeleka hadi kwenye mwembe, akaniwekea kiganja kwenye gome, juu kidogo ya kiuno changu. Nyumba mbili zimejengwa chini ya usawa wa mkono ule. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nyumba hizo haziko hata nusu ya hapo. Ila viwanja viliuzwa, watu wakanunua, sasa wana watoto humo. Kuwahubiria sheria hakuwasaidii usiku wa mvua. Nguzo inawasaidia.

Kisha kubalianeni mapema nani anasema "tunaondoka". Kwangu ni mke wangu. Mimi ni mtu wa "ngoja kidogo", na nimejijua.

Hatua ya 3: Hesabu paa lako

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la nyumba ya kawaida likifunika mita za mraba 60, mvua ya milimita 50 inakumwagia lita 3000, yaani madumu 150 ya lita 20, yote yakitua kwenye msingi wako. Kama ukuta ni wa tofali mbichi, huo ndio mwanzo wa nyumba kuanguka, wala mto hauhusiki. Weka mifereji ya kukinga maji ya paa, au chimba mtaro wa kuyapeleka maji mbali na ukuta kwa kuteremka, na usiuelekeze kwa jirani. Ugomvi wa mitaro nimeusuluhisha mara nyingi kuliko ugomvi wa mipaka.

Zibueni na mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga, pamoja, wa juu na wa chini siku moja. Wa juu akizibua peke yake, amekupelekea wewe takataka.

Hatua ya 4: Ndoo ya kuondokea

Ndoo yenye mfuniko, ya lita 20, inayokaa karibu na mlango. Ndani yake: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za kiwanja, kadi za kliniki, vyote kwenye mifuko ya nailoni miwili miwili, dawa za anayezimeza kila siku, tochi, kiberiti, khanga mbili, kisu, fedha kidogo za noti ndogo, na simu ndogo ya kitochi iliyochajiwa. Simu kubwa itakuishia chaji usiku wa kwanza.

Mimi nilihifadhi vyeti kwenye sanduku zuri la bati, chini ya kitanda. Maji yalipoingia, kilichokuwa chini kabisa ndicho kilicholowa kwanza. Cheti cha mwanangu wa pili nilikianika kwenye majani kama samaki, na wino ukabaki majani. Kupata kingine nilizungushwa ofisi moja hadi nyingine miezi kadhaa. Sasa karatasi zote nimezipiga picha, nimemtumia shangazi na mdogo wangu.

Maji ya kunywa na kupikia weka lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Kaya ya watu sita kwa siku tatu ni lita 90, madumu matano yanatosha. Siku hiyo maji yatakuwa kila mahali, ila hayanyweki.

Hatua ya 5: Mifugo na chakula

Mahindi yakae darini au kwenye chanja, usawa wa kifua kwenda juu. Ng'ombe wapelekwe kwenye mwinuko alama ya njano inapoguswa, kungali na mwanga. Ukichelewa, fungua banda na ukate kamba. Ng'ombe aliyefungwa hufia hapo alipo, aliyefunguliwa hujitafutia. Kurudi usiku kumfuata mbuzi, hapana. Hata dume.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Alama nyekundu: zima swichi kubwa ya umeme kama unasimama pakavu, beba ndoo, hesabu watu kwa majina, pitia nyumba ya jirani mzee au mgonjwa, nendeni mlikokubaliana. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji. Namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji, 112 ni ya polisi. Wafundishe watoto wazijue kwa kichwa. Mtandao ukikata, yowe na kengele ya kanisa bado vinafanya kazi.

Usivuke maji yanayokimbia. Maji ya kufika chini ya goti yanaweza kukung'oa miguu, na sentimita 30 zinatosha kulisukuma gari dogo. Dereva wa bodaboda atakuambia anaijua drifti. Anaijua ilivyokuwa jana. Chini ya maji hajui kama bado ipo. Aprili 2024 jijini Arusha, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo asubuhi wakienda shule, na watoto walikufa. Mtoto akichelewa darasani kwa sababu korongo limejaa, mwalimu ataelewa.

Kwa mnaoishi kwenye miteremko, kwenu hatari ni ardhi yenyewe. Nyufa mpya shambani, miti iliyoanza kuinama, mlango ambao ghafla haufungi, chemchemi inayogeuka tope: ukiona hivyo mvua ikiwa haijakata, ondokeni usiku huohuo. Wilayani Same waliona maporomoko Novemba 2009, na kutoka Mlima Hanang tope lilishuka hadi mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023.

Hatua ya 7: Kurudi

Usikimbilie kulala ndani. Ukuta wa udongo huweza kusimama wakati wa maji, ukaanguka siku mbili baadaye jua linapoukausha. Zunguka nje kwanza, tazama pembe na chini ya madirisha. Ukiona ufa mpya unaopitisha kidole, watoto walale kwingine. Ingia na fimbo, nyoka nao walikuwa wanatafuta pakavu. Umeme usiwashwe mpaka fundi aangalie.

Choo cha shimo kikifurika, chukulia kwamba kisima cha karibu kimeharibika, hata kama maji yake ni meupe. Chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha mpaka yatokote kwa dakika nzima, au tumia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtu akianza kuharisha maji maji mfululizo, mpe ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, mkiwa njiani kwenda zahanati, msisubiri asubuhi.

Halafu rudi kwenye nguzo. Kama bado imesimama, pima upya alama zote mbili. Mto ukishapita hivyo, kitanda chake hubadilika, na njano ya mwaka jana inaweza kuwa nyekundu ya mwaka huu.