Doa Linalotembea kwenye Jani la Mchungwa

Ukikagua kitalu chako cha michungwa ukaona juu ya jani changa uchafu wa kahawia wenye mabaka meupe, usipite ukidhani ni kinyesi cha ndege. Uguse kwa kijiti. Zikichomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali, umemkuta kiwavi wa Papilio demodocus. Sura ile humkinga na ndege. Pembe humsaidia kufukuza maadui wengine.

Mama yake unamfahamu: kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, upana wa mbawa sentimita 10 hadi 13. Jamii yake inajulikana kwa mikia kwenye mbawa za nyuma, ila huyu hana. Kabla michungwa haijaletwa kutoka Asia, alizalia kwenye mimea yetu ya ukoo huohuo, kama mjafari. Hutaga yai mojamoja, la manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini, na hupenda machipukizi. Ndiyo maana mvua zikianza na miti ikachipua, lazima ukague kila baada ya siku mbili tatu, ukigeuza majani.

Kiwavi akikua hubadilika kuwa kijani, hukaribia sentimita 5, na hapo ndipo ulaji wake unapotisha. Wawili watatu wanatosha kuuacha mche ukiwa kijiti kitupu. Mti mkubwa unaozaa hustahimili, na kwa maoni yangu kuupulizia dawa kwa ajili ya viwavi wachache ni kutupa fedha.

Kwenye miche, okota kwa mkono na uponde mayai. Wakizidi, tumia dawa ya bakteria aina ya Bt wakiwa bado wadogo, kwa kipimo cha kwenye lebo. Dawa kali zinazoua kila mdudu huwamaliza pia majimoto, wale sisimizi wa mitini, na nyigu wadogo ambao wanakufanyia kazi bure.

Nyigu hao utawatambua kwa alama waliyoiacha. Tafuta pupa (kiwavi aliyetulia ili ageuke kipepeo) wa kijani au kahawia, aliyejifunga kwenye tawi kwa uzi mwembamba kiunoni. Akiwa na tundu dogo ubavuni, usihangaike naye: nyigu walikulia ndani yake, wakatoboa na kutoka, na sasa wamo shambani wakitafuta wengine.