Gari umeuza mtandaoni, malipo yameleta ugomvi: fuata hatua hizi

Mimi ni dalali wa magari hapa Mombasa. Siku hizi karibu kila mteja hunijia kwa simu kwanza: ameona tangazo Facebook, ama picha zimepita kwenye kundi la WhatsApp. Sehemu kubwa ya wanaonitafuta kwa msaada si wateja wangu kabisa. Ni watu waliojiuzia wenyewe, bei wamepatana vizuri, kisha pesa zikaleta maneno. Mwongozo huu nimewaandikia wao, kwa sheria na taratibu za Kenya, na kwa muuzaji wa kawaida mwenye gari moja, si mwenye yadi.

Mtu akinipigia, kabla hajanieleza mengi namuuliza: gari liko wapi sasa hivi? Jibu lake ndilo linaloamua tuanzie wapi.

Hatua ya 1: Gari lisitoke

Kama bado liko kwako, lifunge, funguo zote mbili ziwe mfukoni mwako, na usilitoe hata kwa "naliendesha hadi benki mara moja narudi." Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuizuia mali iliyo mikononi mwake mpaka alipwe, hata kama mmeshatia sahihi mkataba. Ukishamkabidhi mnunuzi gari kwa hiari yako, haki hiyo huna tena. Naye akiliuza kwa mtu wa tatu asiyejua lolote, huenda gari lenyewe usilipate tena, ukabaki kudai pesa tu.

Umiliki nao usiuguse. Kwenye mfumo wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ulio ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, muuzaji ndiye anayeanzisha ombi la kuhamisha, mnunuzi analikubali kwa akaunti yake. Akikuambia "anzisha tu, mimi nitakubali baadaye," mwambie utaanzisha pesa zikishaingia. Mnunuzi mkweli hakasiriki kwa neno hilo.

Na kama gari limeshatoka na bado lina jina lako? Hapo kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyeandikwa kwenye rekodi kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Likimgonga mtu Mtwapa wiki ijayo, barua ya wakili itakuja kwako. Sheria hiyo hiyo inakutaka umjulishe msajili wa magari ndani ya siku 7 baada ya kuliuza, na inakataza gari kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Kwa hiyo tafuta karatasi yoyote inayoonyesha tarehe na saa uliyolikabidhi, uiweke pazuri.

Jambo moja nakusihi: usilifuate gari usiku na funguo ya akiba. Namjua mtu aliyefanya hivyo, gari lake mwenyewe, deni ni la kweli, akalala rumande kwa tuhuma za wizi huku mdeni wake amelala kwake.

Hatua ya 2: Iulize benki yako, usiisome simu ya mnunuzi

Ugomvi mwingi wa "nimelipa" na "sijapata" huishia hapa kwa sababu kila njia ya malipo ina mipaka yake, na mwongo mara nyingi haijui.

M-Pesa: muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Mtu akikuonyesha ujumbe mmoja wa M-Pesa wa shilingi 680,000, ni wa uongo, huna haja ya kuujadili. Kwa kiasi kidogo, usitosheke na ujumbe ulioingia. Piga *334# uangalie salio kwa macho yako. Ujumbe wa kughushi nimeuona mara nyingi: maneno ni yale yale, jina la aliyetuma lipo, mpaka namba ya muamala ya herufi na tarakimu kumi ipo. Kitu kimoja tu hakipo, pesa.

PesaLink, njia ya kutuma pesa kutoka benki moja hadi nyingine, haifiki milioni moja kwa muamala, na pesa zake huingia muda huo huo. Akikwambia zimetumwa asubuhi na saa nane mchana hazijaonekana, mwambie awaulize benki yake, si wewe usubiri. RTGS, nayo ya benki kwa benki, ndiyo njia ya kiasi kikubwa. Ikitumwa jioni ya Ijumaa huenda ukaiona Jumatatu, na hilo si kosa la mtu. Msubirie, lakini gari nalo lisubiri.

Hundi ndiyo iliyowaliza wengi. Kwanza, tangu Oktoba 2009 hundi za shilingi milioni moja na zaidi hazipitishwi baina ya mabenki, kwa hiyo ukipewa hundi ya milioni na laki mbili, hata kama mtu ana nia safi, irudishe. Pili, hundi ikiwekwa, akaunti yaweza kuonyesha salio limepanda kabla pesa hazijalipwa. Ukifika kaunta usiulize "pesa zimeingia?" Utaambiwa ndiyo. Uliza hivi: "Nikitaka kuzitoa zote sasa hivi, nitapewa?" Swali hilo lina jibu moja tu la kweli, na ndilo unalolihitaji. Hundi ya benki nayo hughushiwa. Piga simu tawi lililoitoa, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye hundi.

Kuna na pesa zinazoingia kisha zikataka kutoka. Aliyetuma kwa M-Pesa anaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 akiomba urejeshwe, na pesa zikazuiliwa mpaka ijulikane ukweli. Ndiyo maana mimi M-Pesa naitumia kwa arubuni tu, bei yenyewe ipite benki. Na ukipigiwa simu na mtu anayesema amezidisha kwa bahati mbaya, umrudishie kwa namba nyingine, usimtumie kitu. Mwambie aende 456 kama kila mtu. Mwenye haki atazipata huko.

Hatua ya 3: Jua ni ugomvi wa namna gani

Huu niuelezee kwa urefu kidogo, maana watu huugeuza kuwa kesi ya jinai ugomvi ambao ni wa deni, na kuwa wapole kwa wizi wa wazi.

Ulio mbaya kuliko yote ni ule ambao mnunuzi kweli amelipa, ila hakukulipa wewe. Mwaka jana jirani yangu, mwalimu mstaafu, alitangaza Probox yake kwa shilingi 620,000. Akapigiwa simu na mtu mpole sana: "Mwalimu, gari nalichukua. Shemeji yangu atakuja kuliangalia kesho. Tafadhali usimtajie bei, mimi na yeye tuna hesabu zetu za nyumbani, nisingependa tugombane." Wakati huo huo mtu yule alikuwa amezichukua picha za tangazo, akaliweka gari kwa bei ya chini kidogo, na kijana mmoja wa Kilifi akalipenda. Naye akaambiwa: "Utamkuta mjomba, ndiye anayeniwekea gari. Usizungumze pesa naye, ni mzee, atakuchanganya."

Kijana akaja, akafungua boneti, akalizungusha gari hadi Tudor na kurudi, akaridhika. Akasimama kando ya mlango wa dereva akatuma shilingi 540,000 kwa PesaLink. Kisha akamnyoshea mwalimu mkono apewe funguo.

"Za nini, mwanangu?"

"Mzee, si nimeshalipa?"

"Umemlipa nani?"

Nilipofika, walikuwa karibu kushikana, kila mmoja anaamini mwenzake ni mwizi. Wote wawili walikuwa wameibiwa, mmoja pesa, mwingine jina lake. Tuliyoyafanya ndiyo nakushauri uyafanye: acheni kelele, mpigieni mtu wa benki ya aliyetuma papo hapo, mpeni namba ya muamala, ombeni akaunti iliyopokea izuiwe, kisha nendeni tawini kwa miguu yenu na polisi baada ya hapo. Muda ndio kila kitu. Sehemu ya pesa ilikutwa bado iko. Iliyobaki ilikuwa imeshatolewa. Mwalimu hakuwa na deni kwa kijana yule, lakini aliandamana naye kituoni akaandika maelezo, na simu yake yenye mazungumzo ya tapeli ikawa ushahidi uliofaa kuliko yote.

Kwa hiyo: yeyote akikuomba usitaje bei mbele ya anayekuja kuliona gari, itaje. Mkaribishe mgeni, na maneno yako ya kwanza baada ya salamu yawe bei na akaunti ya kulipia.

Arubuni ni ugomvi mdogo lakini wa kila wiki. Mtu ameweka 30,000, kisha ameghairi, anazitaka. Kama hamkuandika kitu, hakuna anayeweza kusema kwa hakika ilikuwa sehemu ya bei au malipo ya kukufanya usimuuzie mwingine. Mimi huandika kwenye WhatsApp kabla ya kupokea: "Hii ni arubuni ya gari KD- fulani, nalizuia hadi Jumamosi saa sita. Usipomaliza, nitakata kiasi fulani cha matangazo na usumbufu, iliyobaki narudisha." Akijibu "sawa," yatosha. Na ukighairi wewe kwa sababu umepata bei nzuri zaidi, rudisha yote siku hiyo hiyo. Hilo halina mjadala.

Baki isiyolipwa, gari likiwa kwa mnunuzi, ni deni. Inauma, lakini mtu aliyekulipa 400,000 kati ya 600,000 kisha akakwama si tapeli kwa hilo tu. Ukiniuliza kabla, nitakukataza kabisa kuuza kwa mafungu na gari likaondoka. Anayetaka kulipa polepole aende benki au sacco imlipie, wakulipe wao zote, na jina la mkopeshaji liingie kwenye umiliki pamoja na lake. Shida hiyo iwe yao.

Na mnunuzi anayezuia pesa kwa sababu gia imeanza kugonga siku ya pili? Rudi kwenye ulichosema kwenye tangazo. Kama uliandika "halina shida yoyote" na fundi wako alishakuambia gia inakufa, ulimdanganya, patana naye. Kama alikuja na fundi wake, akalijaribu, mkaandika analichukua kama lilivyo, msimamo wako una nguvu.

Hatua ya 4: Andika dai, kwa utulivu

Acha kupiga simu. Simu tano za hasira hazina thamani ya ujumbe mmoja wenye tarehe. Andika: gari na namba ya chesisi, bei mliyopatana, kilicholipwa na kwa njia gani, kilichobaki, na siku unayompa, saba zinatosha. Usimtukane na usimweke picha yake mtandaoni ukimwita mwizi. Ukikosea hata kidogo, yeye ndiye atakayekushtaki.

Kisha kusanya: taarifa ya akaunti iliyopigwa muhuri na benki, mkataba, nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA ya mnunuzi, mazungumzo yote. Mazungumzo usiyapige picha vipande vipande, yahamishe yote kutoka WhatsApp kwenda kwenye barua pepe yako, na simu yenyewe usiiuze wala kuifuta mpaka mambo yaishe.

Hatua ya 5: Polisi au korti

Jiulize kama alidanganya tangu mwanzo ili uachie gari. Ujumbe wa kughushi, hundi aliyojua haina pesa, kitambulisho cha mtu mwingine: hiyo ni jinai. Nenda kituoni siku hiyo, taja kujipatia mali kwa ulaghai, kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu, na usiondoke bila namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako kwenye kitabu cha matukio cha kituo. Kama gari nalo limeondoka, toa namba ya usajili na ya chesisi.

Kama ni deni tu, polisi watakuambia si kazi yao, nao wana haki. Nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Magari mengi ya kawaida yanaingia humo. Dai linalotokana na mkataba lina muda wa miaka 6, lakini usingoje. Mdeni huhama na gari huuzwa.

Hatua ya 6: Mkipatana, funga jambo kwa karatasi

Mara nyingi mtapatana kabla ya korti. Kama biashara inavunjika, rudisha pesa kwenye akaunti ile ile zilikotoka, kamwe si kwa "namba ya kaka yangu." Kama kulikuwa na ombi NTSA, hakikisha limefutwa kabla hujatuma pesa. Likague gari mbele yake: mita ya kilomita, spea, jeki, redio. Andikeni mistari mitatu kwamba hakuna anayemdai mwenzake, tieni sahihi nyote pamoja na shahidi mmoja kila upande, na kila mtu abaki na nakala. Ukimaliza, liondoe lile tangazo la zamani, uweke jipya lenye picha mpya.