Mwaka wa kwanza wa ubingwa wa radiolojia: namna ya kujifunza katika kila mzunguko

Masomo ya ubingwa wa radiolojia katika vyuo vya Tanzania na Kenya huchukua miaka 3 au 4, na humo ndani kuna mizunguko (vipindi vya kukaa katika kila kitengo cha vipimo), tasnifu, mitihani na zamu za usiku. Muda wa kusoma picha kwa utulivu ni mdogo kuliko ratiba inavyoonyesha. Kwa daktari anayeanza, kanuni ya kushika tangu wiki ya kwanza ni hii: andika unachokiona wewe kabla bingwa hajasema neno.

Ukikaa nyuma ya bingwa ukimtazama anavyosoma, kila kitu kitaonekana wazi, maana ameshakionyesha kwa kidole. Badala yake, soma swali la daktari aliyeomba kipimo, fungua picha, andika ripoti nzima mpaka hitimisho, ndipo umpelekee. Akisharekebisha, weka kila kosa katika fungu lake: hukukiona, ulikiona ukakitafsiri vibaya, au ulikiona ukaogopa kukiandika. Dawa zake ni tofauti. La kwanza linataka ubadilishe mpangilio wa kupitisha macho, la pili linataka usome ugonjwa wenyewe, la tatu linataka ujifunze kuandika kiwango cha uhakika wako bila kujificha.

Eksirei

Watu huidharau kwa sababu waliizoea tangu mafunzo kazini. Ni kosa, kwa kuwa kifua ndiyo picha utakayoisoma kwa wingi kuliko zote na ndiyo yenye maficho mengi. Anza na ubora: jina na upande, kisha kugeuka kwa mwili kwa kulinganisha ncha za ndani za mitulinga na mstari wa uti wa mgongo, kisha pumzi. Mbavu za mbele 5 hadi 7 zionekane juu ya kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo). Zikiwa chache, moyo utaonekana mkubwa na mapafu ya chini yatafifia, nawe utaandika nimonia isiyokuwepo.

Baada ya hapo pita kwa mpangilio uleule kila mara, na umalizie sehemu nne ambako vivimbe hujificha: ncha za mapafu nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo, kwenye mizizi ya mapafu, na chini ya mstari wa kiwambo. Ukipata jambo moja kubwa, usisimame. Mgonjwa mwenye tundu la kifua kikuu juu anaweza pia kuwa na ubavu ulioliwa na uvimbe, na jicho lililoridhika huacha kutafuta. Picha ya zamani ikiwepo, ifungue kabla ya kuandika hitimisho, si baada.

Ultrasaundi

Mzunguko huu upe nguvu nyingi kuliko mingine, kwa sababu picha unaitengeneza mwenyewe. Kilichokosewa mkononi, bingwa hawezi kukirekebisha kesho yake. Fika mapema, shika probu (kichwa cha mashine kinachowekwa mwilini), mpime mgonjwa mwanzo hadi mwisho peke yako, halafu omba mtu mwenye uzoefu apime tena mbele yako.

Kwa tumbo la mtu mzima tumia probu ya mviringo ya megahezi 2 hadi 5. Kwa tezi ya shingo, korodani na mishipa ya miguu tumia bapa ya megahezi 7 na kuendelea. Rekebisha kwanza kina, kiungo kijaze sehemu kubwa ya kioo, kisha sehemu ya ukali iwe usawa wa kitu unachotazama, kisha mwangaza. Wanaoanza huongeza mwangaza kwanza, na matokeo yake kifuko chenye maji huonekana kama nyama. Kila kiungo kipimwe katika pande mbili, kwa urefu na kwa mkato.

Mfuko wa nyongo unataka mgonjwa aliyefunga kama saa 6. Akiwa amekula, mfuko husinyaa, ukuta huonekana mnene, na ripoti ya uvimbe wa nyongo huandikwa bure. Jiwe lazima litupe kivuli au lisogee mgonjwa anapogeuka ubavu. Lisilofanya hivyo huenda ni kinyama cha ukutani.

Kwa mimba changa, kuwa mwangalifu kuliko kawaida, kwa sababu neno lako linaweza kuondoa mimba nzima. Kwa probu ya ukeni, mimba inahesabiwa kuwa imeharibika pale kijusi chenye urefu wa milimita 7 au zaidi kinapokosa mapigo ya moyo, au mfuko wenye wastani wa milimita 25 au zaidi unapokuwa hauna kijusi. Chini ya hapo, mpe tarehe ya kurudi. Na kipimo cha mimba kikiwa chanya huku mfuko wa uzazi ni mtupu, tafuta mimba iliyotunga nje: angalia pande zote mbili za ovari, maji nyuma ya mfuko wa uzazi, na umalizie kwenye uwazi kati ya ini na figo. Damu ikifika huko, simu kwa daktari wa wanawake itangulie ripoti.

Korodani yenye maumivu ya ghafla anza kuipima upande usiouma, uweke dopla (kipimo cha mtiririko wa damu kwa rangi) mpaka damu yake ionekane vizuri, ndipo uhamie upande unaouma bila kugusa mpangilio. Skeli ya kasi ya damu kwenye mashine ikiachwa juu, damu ya polepole haionekani na korodani isiyo na tatizo hilo hupelekwa upasuaji. Kwenye mguu unaoshukiwa kuwa na damu iliyoganda, bonyeza mshipa kila sentimita 1 hadi 2. Rangi peke yake hudanganya.

Fluroskopia

Ni mzunguko mfupi, wa kutazama eksirei ikitembea moja kwa moja kwenye kioo. Kipimo cha mirija ya uzazi kifanyike siku ya 7 hadi 10 ya mzunguko wa hedhi, hedhi ikiwa imekwisha. Bariamu (dawa ya kunywa inayoonekana kwenye eksirei) isinyweshwe kwa mtu anayeshukiwa kutoboka umio au utumbo. Na dawa ya ayodini yenye osmolariti kubwa (iliyokolea sana) isinyweshwe kwa anayepaliwa, kwani ikiingia mapafuni huvuta maji. Kanyaga pedali kwa vipindi vifupi, vaa aproni na kinga ya shingo, na rudi nyuma hatua moja kila unapoweza: umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi hubaki takriban robo.

CT

Kipimo hiki hutoa picha za mwili kwa mikato, kwa kutumia eksirei. Kabla ya kuidhinisha kontrasti (dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani) uliza mambo matatu: mzio wa kontrasti wa zamani, hali ya figo, na metfomini (dawa ya kisukari). Hatari kwa figo huwa kubwa uchujaji ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika. Hapo metfomini pia husimamishwa kwa saa 48 na figo hupimwa tena. Kwa mishipa ya damu inayotaka kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, dai kanula ya kijani, geji 18. Kanula ya bluu kwa kasi hiyo hupasua mshipa na mkono huvimba.

Jua kigari cha dharura kilipo siku ya kwanza. Mzio mkali kwa mtu mzima hutibiwa kwa adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa nje wa paja, yaani nusu mililita ya ile ya 1:1000, na hurudiwa baada ya dakika 5 hali isipobadilika. Kanula ibaki mkononi mwa mgonjwa kwa dakika 30 baada ya kipimo.

CT ya kichwa isomwe katika madirisha (mipangilio ya weusi na weupe wa picha) yasiyopungua matatu. Ubongo: upana 80, kitovu 40. Damu nyembamba kando ya fuvu: upana kama 200, kitovu kama 75, maana katika dirisha la ubongo hufanana na mfupa. Mfupa: upana 2000, kitovu 500. Kwa kiharusi cha saa chache, finya upana hadi 40 ili tofauti ndogo ya weusi ionekane.

MRI, kipimo cha picha kwa sumaku kubwa, kwa kawaida huja baadaye. Mwaka wa kwanza inatosha kujua usalama wake: sumaku haizimwi usiku, na mtungi wa kawaida wa oksijeni usivuke mlango ule kamwe.

Zamu ya usiku

Ripoti yako ya usiku ni ya awali, na iandikwe hivyo. Damu kichwani, hewa iliyobana pafu, hewa huru tumboni, aota inayopasuka: piga simu mwenyewe, sema jambo moja kwa sentensi moja, mwambie aliyepokea arudie, kisha andika kwenye ripoti jina lake na saa. Mwamshe bingwa pale jibu lako litakapobadilisha uamuzi wa upasuaji na wewe huna hakika. Kuandika “ilinganishwe na hali ya kliniki” ili uepuke simu hiyo ni kumwachia daktari wa upasuaji kazi uliyopaswa kuifanya wewe.

Asubuhi, kabla ya kwenda kulala, kaa na bingwa apitie zote ulizosoma. Andika namba za wagonjwa ambao picha zao hazikuwa na jibu, bila majina, na baada ya wiki mbili fuatilia maelezo ya upasuaji au majibu ya patholojia yao.