Kupaka rangi gegedu na mifupa ya uso wa samaki wa siku 5

Samaki ninayemtumia ni yule mdogo mwenye milia, Danio rerio. Mayai yake yanapitisha mwanga, na kwa joto la nyuzi 28.5 kichwa chake kina taya linalofunguka kufikia siku ya 5 tangu yai kurutubishwa. Hapo ndipo unapoweza kusoma kwa macho yako kazi ambayo epijenetiki, yaani kufungwa na kufunguliwa kwa jeni bila jeni zenyewe kubadilika, imeifanya.

Seli zinazojenga uso hutoka kwenye ukingo wa neva, yaani kando ya mgongo wa kiinitete ubongo na uti wa mgongo vinapoundwa, na kusafiri hadi matao ya koo, mikunjo iliyo pembeni mwa koo. Zote zimebeba jeni zilezile. Tao la kwanza linakuwa taya, la pili linakuwa nguzo za kulishikilia, kwa sababu jeni za Hox, zinazoiambia kila sehemu ya mwili iwe nini, zimefungwa katika la kwanza na kufunguliwa katika la pili. DNA imejiviringisha kwenye protini ziitwazo histoni. Histoni zikibandikwa asetili, kikundi kidogo cha kemikali, hulegea na jeni ikasomeka, asetili zikibanduliwa hukaza. Mwaka 2004 Miller, Maves na Kimmel wa Chuo Kikuu cha Oregon walieleza samaki aliyeharibika jeni ya moz, ambayo protini yake ndiyo hubandika asetili. Tao lake la pili lilijaribu kuwa taya jingine! Walipowapa viinitete trikostatini, dawa inayozuia asetili kubanduliwa, jeni za Hox zikaanza kusomeka tena. Kila ninapofundisha vijana naanzia hapo, maana wakishaelewa hilo wanajua wanatafuta nini chini ya darubini.

Basi tenga vikundi vitatu: wasioguswa, waliotiwa DMSO peke yake kwa sababu ndiyo inayoyeyusha dawa, na waliotiwa dawa kama hiyo trikostatini. Andika saa uliyoitia. Ukiitia saa ya 24 unazigusa seli kabla hazijawa gegedu. Ukisubiri siku ya 3, gegedu zimeshaanza kuonekana na unachogusa ni ukuaji wake. Hayo ni maswali mawili tofauti, usiyachanganye katika sahani moja. Na usitumie fenilithiourea kuzuia weusi wa ngozi, kwani nayo huvuruga seli za ukingo wa neva. Weusi tutautoa baadaye.

Siku ya 5, waue kwa kuzidisha trikaini, dawa ya ganzi ya samaki, subiri moyo usimame, kisha zihifadhi tishu zao zisiharibike kwa paraformaldehidi asilimia 4 kwa saa 2 huku mrija ukitikiswa taratibu. Osha.

Sasa rangi, na hapa naomba unisikilize. Mwaka wangu wa kwanza nilifuata karatasi ya zamani iliyokuwa ukutani, yenye asidi ya asetiki ndani ya rangi ya bluu inayopaka gegedu. Samaki wangu wote wa dawa walitoka bila mfupa hata mmoja. Nilikimbia kumwita msimamizi wangu, nikidhani tumepata jambo kubwa. Akauliza swali moja tu: wasioguswa je? Nikawatazama. Nao hawakuwa na mfupa. Asidi ilikuwa imekula kalsiamu yote usiku ule, na alizarini, rangi nyekundu inayopaka mifupa, haina pa kushika pasipo kalsiamu.

Kwa hiyo acha asidi, tumia magnesi kloridi. Changanya alsiani ya bluu asilimia 0.02 katika etanoli asilimia 70 yenye magnesi kloridi milimola 60, ongeza alizarini nyekundu ifike asilimia 0.005. Waache humo usiku kucha wakitikiswa. Asubuhi suuza kwa maji, kisha tia peroksidi ya haidrojeni asilimia 1.5 pamoja na potasi haidroksaidi asilimia 1. Acha mrija wazi, kwa sababu viputo vitatoka. Baada ya kama dakika 20 macho yanaanza kuwa ya kahawia; watoe. Kisha gliserini asilimia 20, halafu 50, zote zikiwa na potasi haidroksaidi asilimia 0.25, mpaka nyama iwe kama kioo.

Mlaze chali. Utaona gegedu ya Meckel, ile ya taya la chini, imepinda mbele kama upinde, nyuma yake seratohiali mbili, gegedu za tao la pili, zimekutana kama herufi V yenye ncha inayoelekea mdomoni. Pembeni, mfupa wa kifuniko cha matamvua unang'aa kama kipande cha ukucha mwekundu. Mimi huuangalia mfupa huo kwanza: ukikosekana kwa wasioguswa, rangi imeharibika na sahani yote naitupa.

V ikiwa imefunguka sana au imegeukia nyuma, usiseme bado kwamba dawa imebadilisha uso. Samaki aliyechelewa kukua naye ana pembe pana. Linganisha urefu wa mwili, ukubwa wa jicho, na kama kibofu cha hewa kimejaa. Kwa hiyo wapige picha wakiwa hai, kabla ya trikaini. Kisha mtafute miongoni mwa wasioguswa mdogo wake anayelingana naye, uliyemtenga na kumhifadhi siku ya 4, umpake rangi ileile, uwaweke bega kwa bega. Gegedu zikifanana, amechelewa tu. Zikitofautiana, mfano tao la pili limeota kitu chenye umbo la Meckel, pima pembe hiyo kwa samaki wote, vibandiko vya mirija vikiwa vimefunikwa na mwenzako ambaye hatakuambia yupi ni yupi mpaka umalize.