Kabla ya Kulipia Vipimo vya Homoni, Fungua Daftari

Mimi ni fundi wa nguo Kibuye, Kisumu. Mteja akiniambia mwili wake haujabadilika tangu Krismasi, bado namzungushia tepu na kuandika. Mwili wangu mwenyewe sikuwahi kuuandika.

Mwaka mmoja nilianza kuchoka hata kukanyaga cherehani. Januari, jua la kukausha omena, mimi nimevaa sweta. Shoga yangu akasema, "Hizo ni homoni." Nikaingia maabara, nikalipia homoni "zote". Majibu yakaja yameshuka karibu kila mstari, nikalia. Hakuna aliyeniuliza kama natumia sindano ya miezi 3 ya kupanga uzazi. Nilikuwa naitumia! Sindano ile huzuia yai kupevuka, kwa hivyo homoni za uzazi kuwa chini ndiyo kazi yake. Pesa ya kitenge kizima ikaishia hapo.

Basi anza na daftari. Andika siku damu inapoanza kutoka sawasawa, si matone ya kuchafua chupi. Hiyo ndiyo siku ya 1. Hesabu hadi siku inayotangulia hedhi ijayo. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida, hata kama mwezi huu ni 26 na ujao 30. Damu ikizidi siku 8, iandike. Andika pia nywele za kidevuni, chunusi, maziwa yanayotoka na hunyonyeshi, shingo kuwa nyeusi, na kila dawa unayotumia, hata ya kemisti. Miezi 3 inatosha kuonyesha mwenendo. Lakini ukijaza pedi kila saa, au ukitokwa damu tena baada ya hedhi kukoma kabisa, usingoje daftari, nenda hospitali. Na hedhi ikichelewa, kipimo cha mimba kwanza, hata ukiapa haiwezekani.

Sasa vipimo. Homoni si kitu kimoja, na siku ya kutoa damu ina maana yake. FSH na LH, homoni zinazoamuru ovari zifanye kazi, hupimwa kati ya siku ya 2 na ya 5. Projesteroni, inayoonyesha kama yai lilitoka, hupimwa siku 7 hivi kabla ya hedhi ijayo. Wengi huambiwa "njoo siku ya 21", nayo inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye 35 aende siku ya 28, la sivyo ataambiwa hatoi mayai na anayatoa. Prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, ni ya asubuhi, ukiwa umetulia, si umetoka kugombana na bodaboda. Na dawa fulani za kuzuia kutapika huipandisha. TSH, inayoisukuma tezi ya shingoni ifanye kazi na hupanda tezi ikizembea, ni siku yoyote, hata ukiwa kwenye sindano. Kama unameza vidonge vya nywele vyenye biotini, sema mapema, maana huvuruga majibu ya tezi.

Picha ya ultrasaundi ikionyesha vifuko vingi kwenye ovari, usijipe ugonjwa wa PCOS, ule wa ovari zenye vifuko vingi. Daktari hutafuta mambo 2 kati ya 3: hedhi za kurukaruka, dalili za homoni za kiume, na ovari zenyewe, tena baada ya kuondoa tezi na prolaktini kwenye orodha. Aliyevuka miaka 45 akipandwa na joto usiku na hedhi zikipotea, mara nyingi hahitaji kipimo cha damu kabisa. Na zile chupa za "kusafisha homoni" zinazouzwa kwenye matatu, mimi hupitisha macho dirishani.

Ukipewa rufaa kwenda Russia, yaani hospitali ya Jaramogi, beba daftari. Mimi nilipoulizwa "Mama, siku zako zilianza lini?" mara hii nilifungua ukurasa. Daktari akasoma baridi, choo kigumu, hedhi nzito, akaandika TSH peke yake. Ilikuwa juu, tezi yangu inafanya kazi kivivu.

Kidonge nakimeza saa kumi na mbili asubuhi kwa maji matupu. Chai ya maziwa hungoja hadi saa moja, kwa sababu maziwa huizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Baada ya wiki 6 nilipimwa tena, dozi ikaongezwa kidogo. Nikaiandika chini ya vipimo vya gauni la mama mmoja wa Kondele, maana kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa.