Usimuulize mtumiaji aina ya nywele zake

Kama unabuni programu ya simu ya kumsaidia mtu kuchagua bidhaa za nywele, ondoa swali la "nywele zako ni 4B au 4C?" (alama za kupanga nywele za kipilipili kwa mikunjo yake). Wengi hubahatisha, na kichwa kimoja huweza kuwa na mikunjo ya aina mbili tatu. Tena alama hizo zinaeleza umbo la mkunjo tu, hazisemi nywele zinanywaje maji. Uliza kinachoonekana kwa macho: "Ukinyunyizia maji nywele safi, matone hukaa juu au hunywewa mara moja?" Weka picha mbili, mtu aguse moja. Matone yakikaa juu, pendekeza losheni nyepesi. Siagi ya shea itamwachia utando. Yakinywewa upesi, unyevu nao hutoka upesi, na hapo mafuta mazito yana kazi. Swali hili hukwama nywele zikiwa na mafuta au jeli ya jana, maana maji yatateleza tu. Kwa hiyo tanguliza "Umeziosha lini?" na kama si leo, mruhusu ajibu baadaye bila kupoteza alichokwisha kujaza. Nywele zilizotiwa dawa, ulizia mizizi na ncha kando, kwani hazifanani.